Muulize Fundi wa Kamera: Kamera ya Mvuvi Hufia Mlangoni

Barua za toleo hili karibu zote zinanuka samaki. Wavuvi wa mshipi wameniandama, na sina la kulalamika, maana na mimi nikifunga meza yangu ya ufundi huwa nachukua fimbo na kwenda kukaa ukingoni mwa maji. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo maswali ya wengi. Zinazofuata nimezijibu kadiri zinavyostahili.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi huvua kwa fimbo, mara nimesimama majini hadi mapajani, mara nimo ndani ya mtumbwi mdogo na rafiki yangu. Samaki wengi nawarudisha majini, kwa hiyo picha ndiyo ushahidi pekee ninaobaki nao. Simu yangu iliingia maji ikafa. Sasa nataka kamera hasa. Nimeona moja imeandikwa mita 14, nyingine 15, nyingine 30. Hii megapikseli 12, ile 20. Je, nichukue yenye mita nyingi na megapikseli nyingi? Mimi si mzamiaji.
— Msomaji anayerudisha samaki

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umejijibu mwenyewe katika sentensi yako ya mwisho. Kama si mzamiaji, hizo mita 30 unazitakia nini? Samaki wako utampiga picha juu ya maji, au chini kidogo ya uso wa maji, pale mkono wako unapofika. Kamera yoyote ya majini iliyo nzima inafika hapo.

Lakini hiyo namba ya mita tusiiache hivihivi, maana ndiyo inayowapotosha wanunuzi. Kila ukishuka mita 10, maji hukuongezea mgandamizo wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwa hiyo kwenye mita 15, mlango wa betri wenye sentimita za mraba 10 unabebeshwa kilo 15 hivi. Ni mzigo. Sasa angalia mzigo huo unasukuma upande gani: unausukuma mlango kwenda ndani, unaukandamiza juu ya mpira wake wa kuziba. Kamera safi ikizama, maji yenyewe yanasaidia kuifunga. Balaa liko juu, kwenye nusu mita ya kwanza, mpira ukiwa bado haujabanwa sawasawa na juu yake umelala unywele mmoja. Pembeni mwa unywele huo panabaki mfereji usioonekana kwa macho, na maji hayahitaji zaidi ya hapo.

Kamera za majini ninazoletewa mezani zikiwa zimekufa, nyingi hazikuuawa na kina. Zilifia mlangoni. Mwenye kamera alibadilisha betri mikono ikiwa na ute wa samaki, gamba dogo likabaki ukingoni, akafunga, akasikia mlio wa kitasa, akaamini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Kwenye kamera hata huo ukuta hutaujenga, kwa sababu maji ya chumvi yakishagusa bodi yenye umeme wa betri, kutu haingoji ufike nyumbani.

Kwa hiyo ukiishika kamera dukani, acha kusoma kibandiko cha mbele. Igeuze. Tazama milango. Iko mingapi? Mmoja wa betri na kadi, pengine mwingine wa waya wa chaji. Kila mmoja ni njia ya maji. Kitasa kina hatua mbili, yaani unafunga halafu unasukuma kizuizi cha pili, au ni hatua moja tu inayoweza kufunguliwa na mshipi uliojizungusha? Ukiwa hujafunga vizuri, kuna alama ya rangi kali inayobaki nje kukuonya? Mpira wenyewe unaonekana wote, uusafishe kwa kitambaa, au umejificha kwenye pembe ambazo kidole hakifiki? Halafu uliza kama mpira unabadilishwa, na nani anaubadilisha. Baadhi ya watengenezaji wanashauri ubadilishwe kila mwaka hata kama hujaona tatizo. Wateja wangu husikia ushauri huo wakacheka, kisha tunaonana.

Niongeze neno kwa wazee wenzangu. Kamera ya kwanza ya majini iliyoenea ilikuwa Calypso, kazi ya Jean de Wouters kwa ajili ya mzamiaji mashuhuri Jacques Cousteau. Nikon wakaichukua na kuanza kuiuza kwa jina la Nikonos mwaka 1963. Zile oringi zake, yaani mipira ya duara ya kuziba maji, mwenyewe ulizitoa, ukazifuta, ukazipaka grisi ya silikoni, ukazirudisha. Wanaokumbuka hayo hupaka grisi kila kitu. Kamera ndogo za siku hizi mpira wake mara nyingi umebandikwa mlangoni na haupakwi chochote. Grisi hapo inageuka gundi ya kukusanya mchanga. Soma kitabu cha kamera yako. Kama hakikusema paka, usipake.

Sasa megapikseli. Kumi na mbili ni picha yenye nukta 4000 kwa 3000. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa kila inchi, unapata karatasi ya takriban sentimita 34 kwa 25. Huo ni ukubwa wa kutundika ukutani. Ziada ya hapo haikusaidii, kwa sababu karibu kamera zote hizi ndogo hutumia sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga, ya aina moja kwa ukubwa, upana wake milimita sita na ushee. Ukigawa eneo hilo dogo kwa nukta milioni 20 badala ya milioni 12, kila nukta inapata mwanga mchache zaidi, na alfajiri picha inajaa chenga.

Na alfajiri ndiyo saa yetu. Samaki anakula jua likiwa bado chini au likishazama, kwa hiyo mimi kitu cha pili kutazama, baada ya mlango, ni uwazi wa lenzi, ule unaoandikwa kwa herufi f: namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. OM System TG-7, iliyotoka mwaka 2023, na mtangulizi wake Olympus TG-6 wa 2019, zina lenzi ya f/2.0 ikiwa haijavutwa. Pentax WG-90, nayo ya 2023, huanzia f/3.5. Tofauti hiyo ni mwanga karibu mara tatu: kamera moja inapiga kwa sekunde 1/90 na samaki anatoka ametulia, nyingine kwa 1/30 na mkia umekuwa moshi. Ila usidanganyike ukavuta zumu. Ukiivuta TG-7 hadi mwisho inashuka mpaka f/4.9, na faida yote imekwisha. Isogelee picha kwa miguu yako, au kwa kasia.

Zumu zenyewe ni fupi, mara nne au tano. Kuna sababu ya kiufundi. Lenzi ya kamera ya kawaida hutoka nje kama pua, na sehemu inayoingia na kutoka ni kazi ngumu kuizuia maji. Kwa hiyo hizi za majini zimekunja njia ya mwanga ndani ya mwili: mwanga unaingia kwa mbele, unapinda, na vioo vinasogea ndani kwa ndani bila kitu kuchomoza. Ndiyo maana mtu anayetaka kupiga ndege upande wa pili wa maji atasikitika. Kwa samaki aliye mkononi, inatosha.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu hawavui. Miwani yetu ya jua, ile inayokata mng'ao wa maji ili umwone samaki chini, inapambana na skrini za kamera. Skrini nayo hutoa mwanga uliochujwa upande mmoja, na miwani ikikutana nao vibaya unaona kioo cheusi. Wengi hufikiri kamera imekufa. Vaa miwani yako dukani, ishike kamera kwa mlalo, kisha kwa wima. Ikizima upande mmoja, ujue kabla ya kulipa. Panasonic Lumix FT7 ya 2018 ilikuja na kitundu cha kuchungulia chenye skrini ndogo ndani, na jua la mchana halikisumbui. Ukiipata iliyotunzwa, ni kamera ya heshima, na inashuka mita 31 kama utaanguka pabaya.

Kuhusu kuanguka: kamera hizi huzama. Mwili mdogo uliojaa vioo na chuma, karibu robo kilo kwa TG-7, haurudi juu. Nunua kamba ya mkononi yenye boya la sponji, la rangi ya machungwa au njano, na uhakikishe boya hilo linabeba uzito wa kamera yako. Liweke kwenye ndoo ya maji pamoja nayo kabla hujaliamini. Nyeusi ni nzuri kwa macho lakini haionekani juu ya maji jioni.

Vipo pia vitufe. Kidole chenye maji na ute hakielewani na skrini ya kugusa. Taka vitufe vya kubonyeza vilivyoinuka, na kimoja unachoweza kukipa kazi unayoitaka. Kwenye TG mimi ningewasha ile hali inayoanza kuhifadhi fremu ukiwa umebonyeza nusu tu. Ukimalizia kubonyeza, fremu chache za nyuma zinabaki. Samaki anaporuka, macho yako huona baada ya kuruka. Hapo ndipo kamera inakufidia. GPS, kwa upande wangu, naizima. Inakula betri, na inaandika ndani ya picha mahali hasa uliposimama. Mvuvi anayetuma picha yenye anwani ya kijito chake asishangae wiki ijayo akikuta watu wamepanga mstari.

Basi, ukiniuliza ningebeba ipi: TG-7, au TG-6 iliyotunzwa. Si kwa ajili ya mita zake 15. Ni kwa lenzi na kwa kitasa cha hatua mbili. WG-90, yenye mita 14, sitakukataza kama unavua mchana kweupe. Inazo taa ndogo kuizunguka lenzi, tamu kwa kupiga nzi bandia na ndoano kwa karibu. Betri ya TG hutoa picha mia tatu na kidogo kwa chaji moja. Iwekee chaji usiku, weka kadi tupu, futa mpira, funga nyumbani kukavu, na uwe na nia ya kutoufungua mlango mpaka urudi. Ukilazimika, rudi nchi kavu, kausha mikono, kausha kamera, geuza mlango utazame chini, ndipo ufungue.

Na kwa kuwa unarudisha samaki: kamera iwashwe kabla samaki hajatoka majini. Lowesha mikono, usimshike kwa kitambaa kikavu kinachomvua ute wake, mkingie tumbo kwa kiganja, mwinue, rafiki abonyeze, mrudishe. Kama picha haikutoka, haikutoka.

SWALI: Fundi, simu yangu imeandikwa IP68. Muuzaji aliniambia naweza kuogelea nayo. Kwa nini ninunue kamera?
— Nina simu mpya

JIBU: Katika namba hizo ya kwanza ni vumbi, na 6 maana yake haliingii kabisa. Ya pili ni maji. Saba maana yake imezamishwa hadi mita moja kwa dakika 30. Nane ni zaidi ya hapo, ila kiasi gani anasema mtengenezaji, na ndiyo maana simu mbili zenye IP68 hazilingani: kuna za mita 1.5 na kuna za mita 6, zote kwa nusu saa. Vipimo hivyo hufanywa kwenye maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, na simu mpya isiyowahi kuanguka. Wewe unavua kwenye maji yanayopiga, na simu yako imeanguka juzi. Halafu usome karatasi ya dhamana: simu iliyoingia maji mara nyingi hailipiwi, IP68 au siyo.

Hata ikipona, utaitumiaje? Skrini ya kugusa hufanya kazi kwa umeme mdogo wa kidole. Ikilowa, kila tone ni kidole. Inajifungua, inapiga simu, inakataa kupiga picha. Ukizama nayo haikusikii kabisa. Tumia vitufe vya sauti vya pembeni kupigia picha, hiyo inasaidia.

Ukivua ukingoni bila kuingia, baki na simu yako. Tafuta mfuko laini wa plastiki usiopitisha maji. Kwanza weka ndani karatasi laini ya kufutia, ufunge, uuzamishe ndooni chini ya kitu kizito kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, simu nayo iingie. Acha hewa kidogo ndani ili uelee.

Kamera ndogo za kufungwa kofiani au kifuani nazo umeziulizia mwishoni mwa barua. GoPro nyingi tangu Hero5 ya mwaka 2016 hushuka mita 10 bila kasha, na DJI Osmo Action 4 mita 18. Kwa video, mikono yote ikiwa kwenye fimbo, hakuna kinachozishinda. Kwa picha ya kutulia sizipendi sana: lenzi ni pana mno, samaki wa mbali ni nukta, na flashi hazina.

SWALI: Fundi, kamera yangu ni ya majini kweli, haijawahi kuvuja. Lakini kila nikiichovya, kioo cha lenzi kinaingia ukungu kwa ndani. Baada ya saa moja unaondoka. Niirudishe dukani?
— Dada wa mtumbwini

JIBU: Bado, dada. Hayo maji hayakutoka ziwani wala baharini. Uliyafungia mwenyewe. Ulipofunga mlango wa betri palikuwa na hewa yenye unyevu, ukingoni au kwenye chumba chenye mvuke. Kisha kamera ikakaa juu ya ubao wa mtumbwi juani, ikapata moto, unyevu wote wa ndani ukawa hewani. Ukaichovya majini. Kioo cha mbele kikapoa kwanza, na mvuke ukaganda hapo hapo.

Kuna hatari nyingine ndani ya jambo hilo. Hewa ya moto iliyofungiwa ikipoa ghafla hunywea, na ndani panakuwa na mvuto kidogo. Mpira wenye kasoro huvuta maji kwa nguvu hiyo hata kwenye kina cha kiganja. Kwa hiyo kamera iwe kivulini, chini ya kitambaa chepesi kilicholoweshwa, ikae karibu na joto la maji utakayoichovya.

Dawa ya ukungu ni kuufungua mlango kwenye chumba kikavu, utoe betri na kadi, uiache saa kadhaa na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ufunge hapo hapo, chumbani. Usiianike juani, utaurudisha mvuke ulikotoka. TG-6 na TG-7 zina kioo cha tabaka mbili mbele ya lenzi kwa ajili ya tatizo hilihili, na linapungua, ingawa uvivu wa kukausha haukuwekewa kioo.

Ukungu ukikaa siku nzima, au ukiona tone lenye umbo, hapo ni uvujaji. Toa betri, usiiwashe hata kwa kujaribu, uilete kwa fundi.

Umegusia pia kwamba plastiki ya kamera imekuwa na utelezi wa kunata. Unajipaka nini? Dawa za kufukuza mbu zenye DEET huyeyusha plastiki na kuchosha mipira. Jipake, nawa viganja, ndipo uishike kamera.

SWALI: Picha zangu zote zinafanana: mimi uso mweusi chini ya kofia, samaki mweupe kama karatasi, na nikichovya kamera majini kila kitu kinakuwa kijani. Nimeambiwa nibadilishe kamera.
— Uso mweusi

JIBU: Aliyekuambia hivyo anauza kamera. Washa flashi mchana. Iweke kwenye hali ya kulazimisha iwake kila mara, kwa sababu ikiachiwa iamue yenyewe itaona jua kali na kulala. Kwa umbali wa mita moja na nusu inatosha kufungua kivuli cha kofia. Au ivue kofia.

Weupe wa samaki unatokana na magamba yanayorudisha jua kama kioo. Tafuta alama ya kujumlisha na kutoa, shusha hadi -0.7. Picha itaonekana nyeusi kidogo kwenye skrini, lakini mistari ya magamba itabaki, na nyeusi unaweza kuiinua baadaye. Nyeupe iliyoungua hairudi. Mgeuze samaki kidogo pia, ubavu usitazamane na jua moja kwa moja.

Na hiyo mikono iliyonyooshwa mbele ili samaki aonekane mkubwa, mwanangu, wavuvi wote tunaijua. Lenzi pana inakikuza kidole gumba chako pamoja na samaki, na kila mtu anaona kidole gumba.

Chini ya maji mambo ni mengine. Maji hupinda mwanga, na kupitia kioo bapa kila kitu huonekana kikubwa kwa thuluthi na karibu zaidi kuliko kilivyo. Lenzi yako ya milimita 25 inageuka kama ya 33, yaani inaona eneo dogo zaidi. Kwa hiyo usivute zumu hata kidogo, sogea karibu kuliko unavyofikiri. Maji yaliyo kati yako na samaki ndiyo yanayoharibu picha. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa, na ukifika mita tano hivi sehemu kubwa imeshapotea. Wewe uliye kwenye nusu mita rangi bado unayo, kijani chako ni mimea midogo na tope. Chagua hali ya majini kwenye kamera, au weka mizani ya weupe kwa mkono ukilenga kitu cheupe hapo hapo majini. Jua liwe mgongoni kwako, na liwe juu.

Juu ya maji ukitaka kumwona samaki aliye chini, ile miwani iliyokuzimia skrini sasa inakutumikia: shika kioo chake kimoja mbele ya lenzi, ukizungushe taratibu mpaka mng'ao utoweke. Inafanya kazi vizuri zaidi ukitazama maji kwa mwinamo wa nyuzi 37 hivi kutoka usawa wake. Ukitazama wima chini, haifanyi kitu.

Mwisho, tone la maji kwenye lenzi limeharibu picha nyingi za samaki kuliko kamera zote mbaya. Weka kitambaa kikavu mfuko wa juu wa shati, kisitumike kwa kitu kingine chochote. Futa, piga, futa tena.

SWALI: Nina kamera kubwa ya kubadilisha lenzi. Imeandikwa inastahimili hali ya hewa. Naweza kwenda nayo mtumbwini?
— Mpenda lenzi

JIBU: Kustahimili manyunyu na kuzama ni mbingu na ardhi. OM System OM-1, ambayo ni kati ya zilizofungwa vizuri, imepewa IP53: vumbi kiasi, na maji ya kunyunyiza kutoka juu hadi mwinamo wa nyuzi 60. Ikianguka majini imekwisha. Na kinga hiyo inahitaji lenzi nayo iwe na mpira wake kwenye shingo. Ukingoni, chukua. Kwenye boti kubwa, chukua ndani ya sanduku gumu la plastiki lenye mpira. Mtumbwini mimi ningeiacha nyumbani.

SWALI: Kuna mtu ananiuzia Nikon W300 iliyotumika, mita 30. Nitazame nini?
— Mnunuzi mwoga

JIBU: W300 ni ya mwaka 2017, kwa hiyo hata kama haikuguswa, mpira wake una miaka. Mita 30 zilikuwa za siku ilipotoka kiwandani. Fujifilm XP140 ya 2019, ya mita 25, ni habari hiyohiyo.

Fungua mlango juani. Pitisha kidole kwenye mpira wote: uwe laini, usiwe na mpasuko, kovu, wala sehemu iliyolala bapa. Tazama ukingo unaokutana nao, mkwaruzo mmoja wa kucha pale unatosha kuvujisha. Kagua pembe za mwili. Kamera hizi hustahimili kuanguka, TG hutangazwa mita 2.1, lakini kustahimili maana yake inawaka baada ya kuanguka. Fremu ikipinda kidogo mlango haukai tena sawasawa. Bonyeza kila kitufe. Kinachokwama kina chumvi chini yake, mwenyewe hakuwa akiiosha. Kamera ikitoka maji ya chumvi huloweshwa kwenye ndoo ya maji safi, milango imefungwa, vitufe vikibonyezwa humo humo, dakika kumi hivi, kisha inakaushwa kivulini. Si ya kupigwa na maji ya bomba kwa kasi.

Peleka kwa fundi mwenye chombo cha kupimia kwa shinikizo la hewa, ataipima bila kuilowesha. Asipokuwepo, ihesabu kuwa kamera ya mvua na manyunyu, na ulipe bei ya kamera ya mvua na manyunyu. Na kabla ya yote chungulia pale betri inapokaa. Ukiona unga mweupe au kijani kwenye vile vibamba vya shaba, mrudishie mwenyewe hata kama amekuapia kwamba inawaka, maana itawaka kweli, mbele yako, siku hiyo.